Muziki wa Kisima na Muziki wa Bomba

Mtu akitaka kuweka muziki nyumbani huulizwa kwanza habari za spika, kisha habari za amplifaya, na mwisho kabisa, kama jambo la kukumbukiwa mlangoni, huulizwa muziki wenyewe utatoka wapi. Mimi naona mpangilio huo umesimama kichwa chini miguu juu. Spika husema zilichoambiwa. Amplifaya hukuza ilicholetewa. Kilichoingia kimeharibika hutoka na uharibifu wake, tena umekuzwa. Kwa sababu hiyo nataka kueleza hapa jinsi nilivyochagua asili ya muziki wa nyumbani kwangu, jambo lililonichukua sehemu kubwa ya mwaka, na ambalo lilinifikisha mbali kuliko habari za masikio peke yake.

Nakaa Mtoni Kijichi, wilaya ya Temeke, upande wa kusini wa Dar es Salaam. Sisi tunaokaa pembezoni mwa mji tumefunzwa na maji somo moja ambalo wakazi wa katikati hulisahau upesi. Kwetu maji huja kwa njia mbili. Iko njia ya bomba: mtu hufungua koki, maji yakaja, naye hana haja ya kujua yalikotoka. Iko pia njia ya kisima kilichochimbwa uani, chenye pampu yake na tangi juu ya mnara. Maji ya bomba ni matamu, na ya kisima aghalabu huwa na chumvi chumvi. Lakini ufunguo wa bomba hauko mkononi mwa mnywaji, na wa kisima uko. Nyumba iliyojengwa kwa akili huku kwetu ina vyote viwili, na mwenye nyumba hujua kipi ni cha kupikia chai na kipi ni cha kutegemea. Namwomba msomaji ashike mfano huu, kwa maana nitaurudia.

Chombo chenyewe nilikirithi. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa karani wa bandarini, naye alipenda dansi kuliko alivyopenda kulala. Alipofariki wazee wa ukoo walinigawia amplifaya yake ya Kijapani ya miaka ya 1970, spika mbili za mbao ambazo huhitaji wanaume wawili kuziinua, na sanduku la bati lenye kaseti sitini na tatu. Wengine walipata shamba na nyumba, wala sikuona kwamba nimepunjwa. Fundi mmoja wa Tandika alibadilisha kapasita zilizokuwa zimevimba, akasafisha vitasa vya sauti vilivyokuwa vikikoroma kila vikiguswa, akajaribu mashine kwa wimbo mmoja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwalimu," akaniambia, "hii itakuzika." Nilimshukuru kwa dua hiyo, japokuwa ina sura mbili.

Basi nikawa na mashine yenye nguvu na spika zenye kifua, nikawa sina cha kuzisemesha. Redio kaseti ya mjomba iliyokuwa ikilisha mashine hiyo ilikwisha kufa zamani. Mimi na mwenzangu tulitenga fungu la fedha, nami nikashuka Kariakoo kutafuta. Katika duka moja nilionyeshwa kifaa cheusi chembamba cha kupokea muziki wa intaneti, kizuri kama kitabu kilichojalidiwa ngozi, ambacho bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Muuzaji alinieleza kwa adabu kwamba kifaa hicho kina nyimbo milioni mia moja ndani yake. Nilimwuliza kama zimo ndani yake kweli, au ziko mahali pengine nacho huzipokea tu. Akacheka, akakiri kwamba huzipokea. Nikamwahidi kurudi, nikaenda kusoma.

Yafaa kueleza maana ya muziki wa tarakimu, kwa sababu neno hili hutumiwa na wauzaji kama hirizi. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Katika santuri mtikisiko huo umechorwa mferejini, na katika kaseti umeandikwa kwa sumaku juu ya utepe. Katika njia ya tarakimu mtikisiko hupimwa, mfano wa baharia apimaye kina cha maji tena na tena na kuandika namba daftarini. Sahani ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa shauri la Philips na Sony, hubeba vipimo 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huwekwa katika daraja moja kati ya madaraja 65,536. Watu wengi hufikiri kwamba baina ya kipimo na kipimo kuna pengo, na kwamba sauti iliyokuwa pengoni imepotea. Sivyo. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alieleza katika makala yake ya mwaka 1949 kwamba mawimbi yasiyopita kasi fulani huweza kurudishwa yote, kamili, ikiwa yamepimwa zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo. Sikio la kijana mwenye afya husikia mpaka mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Mara mbili yake ni 40,000. Basi vipimo 44,100 vyatosha, tena chenji hubaki. Mtu wa makamo kama mimi husikia pungufu ya hapo, na kila mwaka hupungukiwa. Siku hizi unauzwa muziki uliopimwa mara 192,000 kwa sekunde, kwa bei ya juu. Huo naona wangeuziwa popo, ambao masikio yao yaweza kuufaidi.

Baada ya kupimwa, namba hizo zapaswa kufungwa ili zisafirishwe. Wimbo wa dakika nne katika hali ya CD huchukua megabaiti 42 hivi. Njia iitwayo FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, huufunga mzigo huo bila kutupa kitu, kama mtu akunjaye nguo vizuri sandukuni, nao hushuka mpaka kama 25. Njia ya MP3, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, hutupa zile sauti ambazo sikio halizitambui kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Ikifungwa kwa ukarimu wimbo huo hupata megabaiti zisizofika kumi. Ikifungwa kwa uchoyo hazifiki nne. Tofauti baina ya ukarimu na uchoyo huo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote ambazo mnunuzi atazisikia, nayo haitajwi sana dukani.

Sikutaka kusadiki vitabu pasipo kujaribu. Jumapili moja alasiri nilitundika khanga mbele ya mashine ili mtu asione ninachogeuza, nikawaketisha watoto wangu wawili pamoja na mzee jirani ambaye maisha yake yote ya kazi aliendesha malori ya mikoani. Niliwapigia wimbo mmoja kwa njia nne: FLAC, MP3 ya ukarimu, MP3 ya uchoyo, na wimbo uleule uliokuwa umepita katika simu za watu wengi kabla ya kunifikia. Ule wa mwisho waliutambua wote mara moja. Matoazi yalilia kama mchanga ukimwagwa juu ya bati. Ule wa uchoyo waliutambua watoto, mzee hakuutambua. Baina ya FLAC na MP3 ya ukarimu hapakuwa na mtu aliyeweza kutofautisha, wala mimi niliyejua nilichokuwa nikigeuza. Tena ilikuwa siku ya utulivu. Huku kwetu siku za utulivu ni chache. Bajaji hupita chini ya dirisha, baa ya kona huwa na spika zake, wenye shughuli hukesha na kigodoro, na mvua ikipiga bati hata Shannon angeweka kalamu chini. Mtu anayenunua tarakimu za popo ili azisikilizie katika mtaa wa namna hii anatupa fedha zake.

Lakini jaribio lilizaa jambo jingine ambalo sikulitafuta. Mzee aliomba nipige dansi la zamani, nami nikatafuta wimbo wa miaka ya 1980 katika huduma moja ya mtandao ambayo simu yangu ilikuwa imejiunga nayo. Wimbo ulipatikana, tena katika ubora ulioandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni wa juu kabisa. Ulipolia ulikuwa dhaifu, umezibwa pua, na katikati yake utepe uliyumba kiasi cha kumfanya mwimbaji aonekane mlevi. Mtu mahali fulani alikuwa amechukua kanda iliyochakaa na kuifunga katika chombo kikubwa. Ndoo kubwa haiyafanyi maji machache kuwa mengi. Nikaona kwamba tangu mwanzo swali la kifaa lilikuwa limetangulia mahali pa swali la asili, na kwamba asili ya muziki wetu haikuwa ndani ya kifaa chochote kilichokuwa Kariakoo.

Hapa ndipo iingiapo historia ya redio yetu. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kituo chake kilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Mpaka redio za watu binafsi zilipoingia katika miaka ya 1990, redio hiyo ndiyo iliyokuwa sikio na mdomo wa Tanzania Bara. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka santuri ilisafiri mpaka Nairobi. Isiyoweza ilikwenda Barabara ya Pugu, ikapiga wimbo wake studioni, watu wote pamoja, na utepe ukabaki kabatini humo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kwa miaka ile njia ya Nairobi ikawa nyembamba sana.

Twaa mfano wa watu wawili. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyekwenda na bendi yake Osaka, Japani, katika maonyesho ya mwaka 1970, na ambaye mwaka 1973 aliunda Super Volcano, alirekodi Nairobi nyimbo nyingi zilizotoka katika santuri. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, lakini santuri zake zilikwisha kutawanyika katika nyumba za watu, na leo hapana taabu kuzipata nyimbo zake katika bomba la intaneti. Kwa upande wa pili, iko Mlimani Park, tuwaitao Sikinde, walioanza mwaka 1978 mpaka ukiwa umefungwa, wakiwa na sauti ya Muhidin Gurumo na ya Hassani Bitchuka. Nyimbo zao zilizotikisa nchi zilikuwa nyimbo za utepe wa redio. Baadhi zilitolewa baadaye katika sahani na makampuni ya Ulaya na Marekani, nazo zinapatikana kwa ubora wa kupendeza. Zilizobaki ni za kubahatisha. Na baada ya Sikinde ziko bendi ndogo za mikoani, ambazo zilifika studioni mara moja au mbili, zikavunjika, na wapigaji wake wakarudi mashambani.

Mwananchi aliyependa wimbo wa namna hiyo alikuwa na njia moja tu: kuuvizia. Mjomba alikuwa mvizia hodari. Kaseti, ambayo Philips waliileta mwaka 1963, hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa konokono ukilinganisha na mashine za studio. Tena redio ya masafa ya kati, ambayo vituo vyake vimepangwa kilohezi 9 baina ya kimoja na kingine, haina nafasi ya sauti nyembamba. Hukata matoazi na kuacha ngoma na koo. Kwa hiyo zile kaseti sitini na tatu, kwa hesabu za wauzaji, ni takataka. Za mwanzo alizirekodi kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio, na kila mwisho wa wimbo husikika jogoo, honi ya basi, na sauti yake mwenyewe akimwambia mtoto anyamaze. Katika kaseti iliyoandikwa 1986 mtoto huyo anajibu. Mama yangu, niliyemsikilizisha, anasema ni mimi.

Siwezi kuficha kwamba jambo hilo liliuegemeza uamuzi wangu. Lakini hata bila ya mtoto yule hoja ingesimama. Nilipotafuta nyimbo za kaseti kumi za kwanza katika huduma tatu za mtandao, karibu nusu hazikuwamo. Zilizokuwamo nyingine zilikuwa zimepewa majina yasiyo yao. Jambo hili lilinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Msomaji mkubwa wa umri anajua kwamba NUTA Jazz ya mwaka 1964 ndiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Jina lilibadilika kila jumuiya ya wafanyakazi ilipobadilika, na bendi ikabaki ileile. Mtambo wa kutafutia haujui hayo. Kwake hao ni wageni wanne wasiojuana. Nilikuta wimbo mmoja umeandikwa kwa tahajia tatu, moja ikiwa imeligawa neno la Kiswahili katikati kana kwamba ni jina la mtu na la baba yake. Kijana anayetafuta hataupata, na asipoupata ataamini kwamba haukutungwa.

Iko na habari ya ufunguo. Katika orodha niliyokuwa nimeikusanya kwa miaka miwili katika huduma moja, nyimbo kadhaa za taarabu zilipotea bila barua wala kwaheri. Mahali pake pakabaki maandishi ya kijivu. Mkataba wa watu wasionijua ulikuwa umekwisha. Sisemi haya kana kwamba ni jambo jipya. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefanywa mtu wa Dar es Salaam na Dar es Salaam yenyewe, alipoimba "Mambo kwa Soksi" ili kuwaonya watu juu ya ukimwi, redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo. Waliousikia walimsikia jukwaani au waliupata katika kanda iliyopita mkono kwa mkono. Remmy alifariki Desemba 2010, na huko Sinza pako mahali ambapo makondakta wa daladala mpaka leo hupatangaza kwa jina lake. Bomba, liwe la serikali au la kampuni, daima lina mtu penye koki.

Sitaki nionekane kulichukia bomba. Spotify ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021, Boomplay ilitangulia, na watoto wangu hawaelewi kwa nini mtu ahifadhi wimbo uliopo angani. Kwa muziki wao wana haki. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa yetu hii ya uswahilini, ilitungwa katika kompyuta na haikupata kuwa utepe. Tarakimu ndiyo kwao, na ukiupokea kwa bomba huna ulichopoteza. Gharama yake yahesabika: kusikiliza kwa saa tatu katika MP3 ya ukarimu hula megabaiti 430 za bando, na katika hali isiyotupa kitu hula zaidi ya gigabaiti moja. Mwenye nyumba ajipime.

Tena bomba lina sifa moja ambayo visima vingi vya mtaani havina: humlipa mwimbaji, japo kidogo. Pale Mbagala Rangi Tatu vijana wenye kompyuta hukutilia nyimbo mia katika flashi kwa fedha ya soda mbili. Nyimbo hizo aghalabu zimefungwa kwa uchoyo, lakini hiyo ndiyo dhambi yao ndogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA ipo kwa kazi hiyo. Mtunzi aliyelipwa haba na redio enzi zake, kisha akanyimwa na kibanda uzeeni mwake, ameibiwa mara mbili. Sikutaka kisima changu kijazwe kutoka huko. Kaseti za mjomba ni za kusikilizwa nyumbani, na zitabaki hivyo mpaka wenyewe au warithi wao waseme vinginevyo.

Mwenzangu aliuliza swali lililomaliza ubishi. Tulipokuwa tukizungusha hesabu mezani, alitaka kujua katika vitu vyote tunavyovifikiria ni kipi ambacho kikingoja mwaka mmoja zaidi hakitakuwapo. Kifaa cheusi cha Kariakoo kitakuwapo, tena kwa bei ndogo. Intaneti itakuwapo. Kaseti zilikuwa zimekaa katika sanduku la bati, karibu na bahari, katika hewa ambayo hutia kutu msumari ndani ya ukuta. Nne kati yake zilikwisha kuota ukungu mweupe pembezoni mwa utepe.

Kwa hiyo fungu la fedha liligeuzwa njia. Nilinunua deki ya kaseti iliyokwisha kutumika, nzito, yenye mwendo usioyumba. Nilinunua kifaa kidogo cha kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Kwa kuzipiga nyimbo nilichukua Raspberry Pi, ile kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho iliyotoka Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2012, nikaifunga na diski ya terabaiti moja, ambayo kwa FLAC huweza kubeba nyimbo kama 40,000. Sina umri wa kuzisikiliza zote. Kompyuta hiyo hula umeme mdogo kuliko taa ya chumbani. Watoto wakapata huduma moja ya kulipia, inayopita katika kifaa hichohicho kwa waya. Vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya kile kifaa cheusi, na stebilaiza ikapatikana katika chenji, maana umeme wa mtaa wetu hupanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa.

Kazi yenyewe haina haraka, wala haiwezi kuharakishwa. Kaseti ya dakika sitini huchukua dakika sitini. Kwanza huzungushwa mbele mpaka mwisho na kurudishwa nyuma, ili mikunjo iliyogandana iachane. Kipande cha sufu kinachousukuma utepe kwenye kichwa kikianguka, nami nimeokota vingi sakafuni mwa sanduku, hubandikwa kingine. Gamba likiwa limepinda, utepe huhamishiwa gamba jipya. Kisha huja jambo ambalo fundi wa Tandika alinifunza na ambalo sikulikuta katika maduka yote: karibu na kichwa cha kusomea upo msumari mdogo wa parafujo, na kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake. Ukiugeuza taratibu huku unasikiliza, hufika mahali ambapo sauti hufunguka ghafla, maneno yakapata meno. Robo ya mzunguko huo ilinipa faida kuliko ningeipata kwa kuongeza vipimo mpaka 192,000. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, hushauri vipimo visipungue 48,000 kwa sekunde katika kazi ya kuhifadhi, nami nimefuata hapo, nikaacha popo watafute kwao.

Kila wimbo naupa jina la bendi kama lilivyokuwa mwaka ule, jina la mwimbaji likijulikana, tarehe ya mjomba ikiwapo, na maneno ya mtangazaji yakisikika. Sifuti majogoo. Nakala moja iko hapa Kijichi, ya pili ofisini kwangu chuoni, na ya tatu kwa dada yangu Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, ili mafuriko au mwizi wa upande mmoja wa mji asimalize yote. Dada alikubali kwa sharti kwamba na kwake zipigwe, nami nikamfungia kompyuta nyingine ndogo katika redio yake. Ananiambia kwamba Jumamosi wapangaji wake husogeza viti uani.

Wiki hii nimefika kaseti ya arobaini na moja. Upande wake wa pili una wimbo ambao umeanza kabla ya mjomba kubonyeza, kwa hiyo mtangazaji hasikiki. Gitaa la rithimu linakwenda kwa mtindo wa miaka ya 1970, saksofoni mbili zinajibizana, na mwimbaji, kwa lafudhi ambayo naihisi ni ya pwani ya kusini, anamlalamikia kaka yake juu ya shamba la minazi. Mzee jirani hakuutambua. Dada hakuutambua. Niliupeleka kwa wenzangu wawili chuoni wanaoandika juu ya dansi, nao wakataja bendi mbili mbalimbali, kisha kila mmoja akalitilia shaka jina lake mwenyewe. Mzee anasema yuko rafiki yake huko Yombo aliyepata kubeba vyombo vya bendi moja kabla ya kuwa utingo wa lori lake, na Jumapili atamleta. Kwa sasa nimeuandika hivi: kaseti 41, upande wa pili, wimbo wa tatu, bendi haijajulikana.